Daftari la Kina Mama wa Rasuwa

Nilifika Rasuwa mwaka 2008, mwaka ambao Nepal iliuaga ufalme. Vita vya Wamao vilikuwa vimekwisha miaka miwili nyuma, Bunge la Katiba lilichaguliwa mwezi Aprili, na tarehe 28 Mei nchi ikatangazwa kuwa jamhuri. Kila jamii ilikuwa na lake la kudai: Watharu wa nyanda za chini, Walimbu wa mashariki, Wanewari wa bonde la Kathmandu, na Watamang wa milima inayolizunguka bonde hilo. Katika orodha za madai yao, hakuna hata moja iliyokosa lugha. Mimi nilikuwa mwalimu wa madarasa ya chini kutoka Mbooni, Ukambani. Shirika moja la kujitolea lilinituma nikae na walimu wa Kitamang, tusaidiane namna ya kuwafundisha watoto kusoma kwa lugha ya mama.

Watu wengi waliniuliza Mkamba ana nini cha kuwafundisha watu wa Himalaya. Jibu langu lilikuwa fupi: mimi mwenyewe nilijifunza kusoma kwa Kikamba. Nilisomea vile vitabu vya Tujifunze Kusoma Kikwetu, ambavyo Wakenya wa rika langu wanavijua kama TKK, na nilipohitimu ualimu nikavifundishia. Upande wa pili wa sarafu nao niliujua. Kuanzia darasa la nne, mwanafunzi aliyesikika akisema Kikamba uwanjani alivishwa kibao shingoni, akakibeba mpaka amnase mwenzake. Kwa hiyo nilipanda basi la kwenda Dhunche, makao makuu ya Rasuwa, nikiwa najua jinsi shule inavyoweza kuilea lugha ya nyumbani, na jinsi shule hiyo hiyo inavyoweza kuitia aibu.

Rasuwa ni wilaya ndogo kaskazini mwa Kathmandu, imepakana na Tibet. Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu huko watu wapatao 43,000, wengi wao Watamang. Mto Trishuli unapita chini kabisa bondeni. Vijiji viko juu, vimeshikilia miteremko iliyokatwa matuta ya mahindi, ulezi na viazi. Matuta hayo yalinifanya nijione niko Mbooni, mpaka nilipoinua macho nikaona theluji.

Historia ya watu wale na maandishi ya serikali si ya kupendeza. Sheria kuu ya mwaka 1854, Muluki Ain, iliwaweka katika tabaka la watu ambao serikali ingeweza kuwafanya watumwa. Kwa vizazi vingi walibebeshwa mizigo ya watawala na kufanyishwa kazi bila ujira, wakiitwa Bhote kwa dharau. Ruhusa ya kutumia jina la Tamang katika maandishi ya serikali ilitoka mwaka 1932. Mpango mpya wa elimu wa mwaka 1971 ulikifanya Kinepali kuwa lugha pekee ya kufundishia, chini ya siasa ya mfalme mmoja, vazi moja, lugha moja. Katiba ya mwaka 1990 ililegeza kamba: kila jamii iliruhusiwa kuendesha shule za msingi kwa lugha yake. Ruhusa ilikuja bila fedha. Mwaka 2007 ndipo Wizara ya Elimu, kwa msaada wa Ufini, ilipoanza majaribio katika shule saba za wilaya sita. Rasuwa ilikuwa miongoni mwa wilaya hizo, kwa ajili ya Kitamang.

Mimi sikuwa katika shule ya majaribio. Nilikuwa kwenye shule ya jirani iliyosikia habari ile na kutaka kujaribu kivyake. Darasa la kwanza lilikuwa chumba cha mawe, paa la mabati, mikeka ya majani makavu. Mwalimu aliyetoka nyanda za chini alisoma sentensi ya Kinepali, watoto wakaipokea kwa pamoja kwa sauti ya kupasua masikio. Ukurasa ulipofika mwisho waligeuza kwa wakati mmoja, kama kwaya. Niliomba mtoto mmoja anionyeshe kwa kidole neno "ng'ombe". Akaonyesha picha. Nikafunika picha kwa kiganja, naye akanitazama usoni kusubiri niiondoe.

Mwalimu wa kike aliyezaliwa pale pale kijijini alipochukua darasa, mambo yakabadilika mbele ya macho yangu. Aliwauliza kwa Kitamang sisnu huchumwaje. Sisnu ni majani yanayowasha, mboga ya kila nyumba katika milima ile. Darasa zima lilisimama. Mmoja alisema huchumwa ncha changa tu. Mwingine akaeleza koleo la mwanzi la kushikia ili mkono usiungue. Msichana mmoja akawakosoa wote: mvua kubwa ikishaanza, majani yanakomaa, bibi yake hayagusi tena. Mwalimu aliandika maneno yao ubaoni kwa herufi za Devanagari, moja baada ya jingine, na watoto wakayasoma kabla hajamaliza kuyaandika, maana walijua sentensi inaelekea wapi. Wiki ile tukapata kitabu chetu cha kwanza. Kilikuwa na kurasa chache zilizochorwa kwa penseli na kushonwa kwa uzi, na jalada la karatasi ya lokta, ile ngumu ya magome ambayo kwa karne nyingi ndiyo iliyoandikiwa hati za serikali ya Nepal.

Baada ya hapo tukajaribu kuandika kila kitu: namna ya kumkama chauri, ng'ombe chotara wa yaki, safari za mababu kwenda Kerung kubadilisha nafaka kwa chumvi ya Tibet, majina ya mimea. Tulimwita pia tamba, mzee mjuzi wa koo na nyimbo, ambaye pasipo yeye harusi ya Kitamang haikamiliki. Alikuja, akala, akakaa karibu na jiko, akatusikiliza kwa adabu tukimweleza nia yetu. Kisha akauliza, "Mkishaviandika vyote hivi, nani ataniita harusini?" Hakuna aliyemjibu. Alitupa wimbo mmoja wa mafumbo ya kuulizana na kujibizana, akasema mengine tutayasikia tukialikwa.

Vikao vya tahajia viliendelea sambamba na kazi hiyo, na ndivyo vilivyonichosha kuliko kupanda milima. Kitamang kina toni nne, na herufi za Devanagari kama zinavyotumiwa kuandika Kinepali hazina alama ya toni. Maneno mawili yanaweza kuonekana pacha kwenye karatasi na yakawa hayajuani kabisa mdomoni. Walimu wengine walitaka alama juu ya kila silabi. Wengine walisema msomaji atajua kwa muktadha. Nikawaambia Kikamba nacho kina toni na hatuziandiki, na bado tunasoma barua na Biblia. Hoja hiyo ilisaidia kidogo. Likafuata suala la lahaja. Vitabu vilivyochapishwa Kathmandu vilifuata zaidi Kitamang cha mashariki, na watoto wa Rasuwa, wasemaji wa kile cha magharibi, walikutana humo na maneno ambayo hawajapata kuyasikia. Nilikumbuka mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulivyokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na jinsi Wamombasa wanavyolalamikia uamuzi huo mpaka leo. Sikuwa na ushauri wa kuwapa. Wao walikata shauri kwamba vitabu vya darasa la kwanza viandikwe kama watoto wanavyosema, na wakubwa waendelee kubishana.

Kilichotupindua, hata hivyo, hakikutoka kwenye toni wala lahaja. Kilitoka kwa wazazi. Katika mkutano mmoja wa shule, mama aliyekuwa ametembea kutoka kitongoji cha juu na doko, kile kikapu kikubwa cha mgongoni, limejaa kuni alisimama akasema kwa utulivu: Kitamang watoto wanakipata bure nyumbani, shuleni tunatoa jasho letu, basi watupe kile ambacho nyumbani hakipo. Alimaanisha Kiingereza. Nami nilikuwa nimebeba hoja zote mkobani. Nilijua kwamba UNESCO ilishasema tangu mwaka 1953 kuwa mtoto hujifunza vizuri zaidi kwa lugha anayoielewa. Nilijua kwamba anayejua kusoma lugha yake huhamishia ujuzi huo kwenye lugha ya pili. Nilizitoa hoja hizo, mkalimani akazipeleka, wazazi wakatikisa vichwa kukubali. Miaka michache baadaye lango la shule lilipakwa rangi mpya: inafundisha kwa Kiingereza. Haikuwa peke yake. Katika miaka ya 2010 shule za umma Nepal nzima zilikuwa zikifuata mkondo huo ili zisiachwe na watoto wanaohamia shule za kulipia. Vitabu vyetu vya kushona viliwekwa kabatini.

Mama yule yule, pamoja na wenziwe, ndiye aliyetuonyesha njia nyingine. Vijiji vya Nepal vina aama samuha, vikundi vya akina mama, na Mkenya akivieleza hana budi kuviita chama. Wanakutana, wanachanga, wanakopeshana, wanatozana faini. Walikuwa wamepitia kisomo cha watu wazima cha Kinepali, kile cha kitabu cha Naya Goreto, na wengi walibaki wakijua kuandika majina yao tu. Sasa walitaka kitu kimoja mahususi: daftari la chama. Katibu wao alikuwa mwanamume, mume wa mmoja wao. Hawakumtuhumu kwa lolote. Walichokichoka ni kuulizia hesabu za fedha zao wenyewe.

Tukaanza darasa la jioni. Mwalimu wa sisnu ndiye aliyelishika, mimi nikimsaidia kupanga. Hatukuanza na alfabeti. Tulianza na safu za daftari: jina, mchango, mkopo, faini, sababu ya faini. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyowafundisha kusoma. Kila mtu alitaka kujua ameandikwa nini. Mmoja alikuta sababu yake imeandikwa "amechelewa", akabisha kwamba hakuchelewa, alikuwa na ndama mgonjwa. Ukazuka ubishi wa kutosha kuamsha mbwa wa kijiji. Mwishowe alishika kalamu mwenyewe, akakata neno lile, akaandika habari ya ndama kwa Kitamang, herufi zikipanda na kushuka juu ya mstari. Sentensi yake ilikuwa ndefu kuliko yoyote iliyopata kuandikwa mle. Kwa Kinepali asingeweza kujitetea hivyo.

Simu zikaingia. Vijana wa Rasuwa walikuwa Qatar, Falme za Kiarabu na Malaysia, kama walivyo vijana wengi wa kwetu. Simu za awali za bei nafuu ziliandika herufi za Kirumi tu, na vijana wakawa wanatumiana Kitamang kwa herufi hizo bila kumwomba mtu ruhusa. Wala hawakujua kuwa kulikuwa na kamati. Mabishano ya miaka mingi kuhusu alama za toni waliyaruka kwa siku moja, kama nasi Wakamba tunavyoviacha viwimbi juu ya i na u tunapoandikiana kwa simu, na tunaelewana. Akina mama walioshika Devanagari waliachwa nje ya mazungumzo hayo mpaka simu mpya zilipokuja na kibodi ya herufi zao. Ndipo baadhi yao wakaanza kuwaandikia watoto walioko Doha. Ujumbe ulikuwa mfupi: umekula, mshahara umetoka, mahindi yamevunwa. Baadaye zikaja jumbe za sauti, na wengi wakaacha kuandika. Nilisononeka kidogo. Mwalimu wa sisnu alinicheka: mtu anayetaka kumsikia mwanawe, kwa nini asome?

Tarehe 25 Aprili 2015, dakika chache kabla ya saa sita mchana, ardhi ikatikisika. Ilikuwa Jumamosi, siku ambayo shule za Nepal hufungwa, na hilo liliokoa maisha ya watoto wasiohesabika. Karibu watu 9,000 walikufa nchini kote. Rasuwa ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumizwa vibaya. Kijiji cha Langtang kilifunikwa na poromoko la barafu na mawe. Siku hiyo sikuwepo; niliporudi, nyumba nyingi za mawe nilizozijua zilikuwa marundo, na shule ilikuwa banda la mianzi na turubai. Kabati lenye vitabu vyetu lilikuwa chini ya ukuta. Daftari la chama lilipona, kwa sababu mweka hazina alikuwa akilihifadhi ndani ya pipa la nafaka.

Katika miezi iliyofuata niliona mambo ambayo hoja zangu zote za mkutanoni zisingeweza kuyasema. Serikali iliahidi kila kaya iliyobomokewa rupia 300,000 za kujenga upya, kwa awamu tatu, ya kwanza rupia 50,000. Kila awamu ilikuwa na fomu, mkataba, masharti ya ujenzi, na vyote vilikuwa kwa Kinepali. Waume wengi walikuwa ng'ambo. Wakati wenziwe wakitia dole gumba, mwanachama mmoja wa darasa la jioni alikaa juu ya jiwe nje ya ofisi, akasoma fomu kutoka juu hadi chini, midomo ikicheza. Baadhi ya maneno hakuyaelewa, akayauliza. Lakini aliweza kuyatamka, maana Kinepali na Kitamang alichofundishwa vinatumia herufi zile zile. Alikuta jina la ukoo limekosewa. Akarudi dirishani na kulisahihisha, kwa sababu jina lisilolingana na lile la cheti cha uraia lingemkwamisha benki. Siku zilizofuata, majirani walikuja nyumbani kwake na fomu zao.

Nilimsimulia kisa hicho mwanaharakati mmoja wa lugha mjini Kathmandu, nikidhani nimemletea habari njema. Alinisikiliza, kisha akaniambia kuwa hiyo ndiyo shida yenyewe. Yeye alikuwa mtetezi wa Tamhig, mwandiko wenye asili ya Tibet unaofanana na ule ambao malama, viongozi wa dini ya Kibuddha, husoma kwenye nyumba zao za ibada. Kwake, Kitamang kilichovaa Devanagari ni Kitamang kilichoazima koti la mtawala, na siku moja mwenye koti atalidai. Sikuweza kumpuuza. Watu waliokatazwa jina lao mpaka mwaka 1932 wana haki ya kutaka maandishi yao pia. Lakini nilimfikiria yule mwanamke juu ya jiwe. Aliposahihisha jina lake, koti lile lilikuwa likimkinga baridi.

Tangu hapo sheria zimekimbia mbele. Katiba ya Septemba 2015 inatamka kwamba lugha zote za mama zinazosemwa Nepal ni lugha za taifa, na inawapa watu haki ya kupata elimu kwa lugha hizo. Sensa ya mwaka 2021 ilizihesabu 124. Tangu uchaguzi wa mwaka 2017, serikali za mitaa 753 ndizo zinazosimamia shule, na baadhi zimeanza kutunga mitaala yao ya lugha za wenyeji. Mwaka 2024 Kitamang, pamoja na Kinewari, kilianza kutambuliwa kuwa lugha rasmi ya mkoa wa Bagmati, kando ya Kinepali. Mwalimu wa sisnu aliponitumia habari hiyo aliongeza kwamba ofisi ya kata sasa inatafuta mtu wa kuandika matangazo kwa Kitamang, na waombaji ni wengi.

Waombaji hao ndio walionishangaza. Ni wasichana waliosomea shule ile ya lango la Kiingereza. Devanagari wanaijua kwa sababu somo la Kinepali ni la lazima. Kitamang wanakisema tangu utotoni. Hawakuwahi kuviunganisha viwili hivyo kwenye karatasi, mpaka kulipotokea kazi ya kuombwa. Wakaenda kwa akina mama wa chama kuomba waonyeshwe. Kwa aliyekwisha kujua herufi, somo lenyewe halimalizi hata mchana mmoja. Kinachochukua muda ni kujifunza kuandika sentensi ambayo watu wa umri wote wataiona ni yao, na kwa hilo akina mama wana daftari lililojaa mifano ya miaka, pamoja na ile ya ndama mgonjwa.

Sasa niko nyumbani, na mtaala mpya wa Kenya nao unataka lugha ya mazingira ya mtoto itumike mpaka gredi ya tatu. Mimi huitwa vikaoni nikaeleze niliyoyaona Nepal. Wazazi wa Mbooni husimama wakasema yale yale aliyosema mama mwenye doko: tunalipa ili wapewe kisichopatikana nyumbani. Siku hizi sikimbilii tafiti. Nawauliza chama chao huandika daftari lake kwa lugha gani, tangazo la maji huandikwaje, kijana aliye Qatar humwandikia mama kwa lugha ipi. Wakishajibu, tunajua wapi pa kuanzia. Watoto bado nawatakia kitabu cha Kikamba darasani, tena kizuri chenye picha. Ila huwaambia walimu kwamba kitabu hicho kitadumu mradi mtoto akifika nyumbani amkute mtu mzima anayeandika lugha hiyo kwa shida zake mwenyewe. Pasipo mtu huyo, tuanze na wazazi jioni, watoto watafuata asubuhi.